Mke Mwenza Mwenye Silinda Kumi na Mbili

Aneth akiulizwa na wanawake wenzake kama mumewe ana nyumba ndogo, hujibu bila kupepesa macho kwamba anayo, anaijua, na ina silinda kumi na mbili. Wanawake hucheka hadi kushika mbavu, kwa sababu mtaa mzima wa Makanyagio unajua kwamba Kassiani, fundi wa magari, hana jicho la kumwangalia mwanamke mwingine. Macho yake yameishia kwenye ukuta wa gereji yake, alikobandika picha za magari ambayo hayajawahi kukanyaga Mpanda na ambayo, tukisema ukweli, yangekanyaga yasingefika hata Kawajense, hapo pembeni ya mji, bila kuacha tumbo barabarani.

Ni yale magari ya kasi ya matajiri, mapana, mafupi, yamelala chini kama chura anayetaka kuruka. Kassiani hayapendi kwa rangi yake, wala kwa mbio zake, wala hana tamaa ya kulimiliki hata moja. Anayapenda kwa injini. Ukitaka kumwona mtu anafurahi bure, nenda umwulize V12 ni kitu gani. Ataliacha gari la mteja juu ya jeki, aende kwa jirani anayechoma mahindi, arudi na magunzi kumi na mawili na kuyapanga mchangani, sita upande huu, sita upande ule, yameegemeana kama paa la nyumba lililopinduliwa.

"Hii inavuta hewa, hii inabana, hii inalipuka, hii inatoa moshi," atakwambia huku akigusa gunzi moja moja. "Hakuna inayosubiri mwenzake, hakuna inayogombana. Ndiyo maana haitetemeki. Injini ni pumzi, ndugu yangu. Angalia hilo gari ukutani: matundu mbele, matundu ubavuni, matundu mgongoni. Gari la kasi ni pua tupu."

Kisha atafumba macho na kuuiga mlio wake kwa mdomo, kuanzia chini hadi juu kabisa, na mbwa wa jirani watamjibu.

Ugonjwa huu aliutoa kwao Usevya, kule Mpimbwe, kwenye mashamba ya mpunga. Injini ya kwanza aliyoijua ilikuwa ya mashine ya kukoboa, silinda moja, tuku-tuku-tuku, na kabla hajajua kuandika jina lake alishajua kwa sikio tu kwamba mkanda umelegea au mafuta yamekaribia kwisha. Halafu padri mmoja wa misheni akawagawia watoto magazeti ya zamani ya kwao Ulaya wafunikie madaftari. Gazeti lililomwangukia Kassiani lilikuwa na mchoro wa injini ya V12 iliyopasuliwa katikati kama papai, mbegu zake zote zikionekana. Akalifunikia daftari la hesabu. Mwaka ule alifeli hesabu vibaya sana, kwa kuwa muda wote alikuwa anasoma jalada.

Alipokuwa kijana alipanda lori la mpunga akaja Mpanda kutafuta ufundi, na hapa ndipo hadithi yake ingeweza kuwa hadithi nyingine kabisa, fupi na ya kusikitisha, kama si Romana. Romana alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, Mpimbwe mwenzake, mzaliwa wa kijiji cha baba yake Kassiani. Undugu wa damu hawakuwa nao. Lakini kwa wakati ule mwanamke wa kijiji cha baba yako ni shangazi yako, basi, na mjadala umefungwa. Kijana aliposhushwa stendi na mfuko wake mmoja, alielekezwa kwa Romana, na Romana hakuuliza atakaa hadi lini. Alimwekea ugali kwa mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, akamtandikia mkeka kwenye chumba cha magunia ya dagaa, na kwa hiyo Kassiani alinuka ziwa mwaka mzima ingawa ziwa lenyewe alikuwa hajaliona.

Ni Romana aliyekwenda kwa fundi mkongwe wa mjini akabishana naye mpaka yule mzee akakubali kumchukua kijana kwa sababu ya kuchoka kusikiliza. Ni Romana aliyemnunulia seti yake ya kwanza ya spana. Spana zile Kassiani anazo mpaka leo, haziazimishwi kwa mtu yeyote, na namba kumi na tatu ilipopotea alinuna kama aliyefiwa. Wako watu hupenda kusema wamejitengeneza wenyewe. Kassiani hasemi hivyo. Ukimsifia gereji yake atakwambia, "Hii ni dagaa za shangazi," na hatanii.

Sasa Romana amezeeka, na kifua chake kimechoka. Miaka aliyopinda mgongo juu ya moto wa kukausha samaki, na miaka mingine aliyosafiri juu ya magunia kwenye lori la fuso kati ya Ikola, kando ya ziwa, na Mpanda, akila vumbi la njia nzima, imemletea kikohozi ambacho kikimshika, yeye hushika nguzo ya nyumba. Hospitali walimwambia akae mbali na moshi na vumbi. Moshi aliuacha. Lakini kumwambia mtu wa Katavi akae mbali na vumbi wakati wa kiangazi ni sawa na kumwambia samaki aogope maji, na biashara ya dagaa haiwezi kufanywa kwa mtu kukaa ndani. Romana alijaribu kutuma watu Ikola badala yake. Wakamletea dagaa wenye mchanga. Akarudi juu ya fuso.

Ndipo Wiliam, mwanawe aliyeko Dar es Salaam, alipomtumia mama yake gari dogo la Kijapani, lililokwishatumika, la hybrid. Liliingia uani kwa Romana kimya, bila kunguruma hata kidogo, na kuku hawakujua kwamba wanatakiwa kupisha. Kassiani alikuwepo. Alifungua boneti, akaona injini ndogo ya silinda nne, na pembeni yake nyaya za rangi ya chungwa, nene kama vidole. Akaifunga boneti taratibu, kama mtu aliyefunua sufuria akakuta si chakula alichoahidiwa.

"Shangazi," alisema, "hii ni popo. Si ndege, si mnyama."

"Popo naye kaumbwa na Mungu," alijibu Romana, akaingia kiti cha nyuma na kukaa.

Enoka, fundi umeme wa gereji ya pili, ndiye aliyemweleza Kassiani jinsi popo huyo anavyoishi. Ana injini ya petroli na mota ya umeme, na chini ya kiti cha nyuma ana betri kubwa. Akianza kwenda anatumia umeme, ndiyo maana hana sauti. Akihitaji nguvu zaidi injini inaamka na kusaidia. Na ukikanyaga breki, ile mota inageuka dainamo na kurudisha umeme kwenye betri. Kassiani alisikiliza kwa adabu. Moyoni alisema gari ambalo linakwenda huku injini imezima ni kama kwaya inayofungua midomo bila kuimba.

Hata hivyo lilikuwa gari la shangazi, na kwa gari la shangazi alifanya kazi kama anayejenga kanisa. Alilinyanyua kwa spesa, vile vipande vya kuinulia springi, lisigonge mawe. Kisha akafanya lile ambalo kila fundi wa Mpanda hulifanya kwanza gari linapofika kutoka mji mkubwa, kabla hata ya kubadilisha oili: akaliziba vumbi. Hii ni kazi ya heshima huku. Unachukua sponji ya godoro la zamani, unaikata vipande, unaipaka gundi, unaziba kila tundu la sakafuni, la milangoni, la buti, mpaka gari linakuwa kama chupa. Mafundi husifiana kwa kuziba. Kassiani ni bingwa wao.

Safari ya kwanza walikwenda Ikola wote wawili, Kassiani akiendesha kwa sababu Romana hajui na hataki kujua, mwenyewe amekaa nyuma na miguu yake ameinyoosha. Romana alikohoa, lakini kidogo. Waliporudi Kassiani alikagua gari kwa tochi, na pembeni ya kiti cha nyuma, pale pale ulipokuwa mkono wa shangazi, akaona kidirisha cha plastiki chenye matundu membamba kama chujio. Vumbi lilikuwa limeganda juu yake, jekundu, nene.

"Kumbe ni huku," alisema. "Vumbi linamtokea hapa hapa mdomoni."

Akakata sponji nzuri kuliko zote, akaliziba lile chujio barabara, akaweka gundi juu yake.

Miezi iliyofuata ilikuwa miezi ya furaha. Kifua cha Romana kilitulia. Alilala usiku. Kwenye jumuiya ya kanisa, akina mama wa Nsemulwa, mtaani kwake, walimwona anaimba nyimbo mbili mfululizo bila kukaa, na alipoulizwa dawa gani anatumia alijibu, "Kassiani." Fundi alipoletewa habari hiyo na Aneth alijifanya anatafuta spana chini ya gari, akakaa huko muda mrefu kuliko spana inavyohitaji.

Lakini kiangazi kilipokolea, gari likaanza kuumwa. Kwanza injini ikawa haizimi tena, inaunguruma hata wakiwa wamesimama, na Kassiani kwa ubaya wa moyo akafurahi kidogo kuisikia. Kisha nyuma ya kiti cha Romana kukawa na mluzi mwembamba, ambao Romana aliusikia na Kassiani hakuusikia, kwa sababu masikio yake yako mbele siku zote, kwenye boneti. Kisha siku moja, wakitoka Ikola na magunia ya dagaa nyuma, kwenye ule mlima wa kuliacha ziwa, taa nyekundu ikawaka, nguvu zikaisha, na gari likasimama katikati ya jua.

Ikapita fuso, ikawafunika na vumbi. Romana alikuwa ameshuka. Alikohoa ameinama, mkono mmoja juu ya boneti, na Kassiani alimshika mabega na hakujua afanye nini kingine. Alimtengenezea mama huyu gari ili lisimfikishe hapa, na limemfikisha hapa hapa. Gari lilipopoa likakubali kwenda, kwa kujivuta, na walifika Mpanda jioni.

Enoka alikuja na mashine yake ya kupimia, akaichomeka, akasoma.

"Betri kubwa imechemka, kaka," alisema. "Imepigwa na joto mpaka inajizima. Hii ni kufa, au kukaribia kufa. Na mpya huku huipati, hata ukiipata ni bei ya gari lenyewe."

Alichosoma Enoka kilikuwa kweli tupu. Betri ilikuwa imechemka. Kwa nini imechemka, mashine haikuulizwa. Na Kassiani hakukumbuka sponji moja kati ya sponji thelathini alizobandika.

Basi akatafutwa mnunuzi, mtu wa Tabora anayenunua magari mabovu kwa ajili ya vipuri, akasema atakuja na lori Jumamosi. Romana alipokea habari hizo akiwa anachambua dagaa kwenye turubai, na hakuinua kichwa.

"Sawa, mwanangu. Limenisaidia kiasi chake, nashukuru. Nitarudi kwenye fuso."

"Shangazi, kifua chako."

"Kifua changu si cha leo."

Hilo ndilo lililomla Kassiani. Si gari. Alijua, na Romana alijua, na daktari alikwishasema, kwamba kifua kile hakina msimu mwingine wa fuso ndani yake.

Siku mbili kabla ya mnunuzi kufika, Aneth alileta chakula gereji, ugali kwa maharage, na kumkuta mumewe amekaa juu ya tairi akiyatazama magunzi yake bila kuyaona. Aneth ni mwanamke wa utani, na akiona huzuni huitania kwanza. Alitoa simu yake.

"Baba Faith, pole sana. Nimeleta msiba mwingine. Mke mwenzangu kaolewa na betri."

"Nini tena?"

"Lamborghini. Ile ya silinda kumi na mbili unayoniachia maharage yapoe kwa ajili yake. Mpya yake ni hybrid. Tazama mwenyewe."

Kassiani alitazama. Video ilikuwa ya Kiingereza, lakini injini hazihitaji mkalimani. Ni kweli. V12 ilikuwepo pale pale, nyuma ya dereva, kubwa na nzuri kama siku zote. Lakini imewekewa mota tatu za umeme, mbili mbele na moja nyuma kwenye gia. Aneth aliendelea kumwonyesha. Ferrari nayo hivyo hivyo: wengine wamepunguza silinda zikabaki nane, wengine sita, na pengo limezibwa na umeme. Dunia nzima ya wale wakubwa ilikuwa inageuka popo, na yeye ndiye wa mwisho kupewa taarifa.

"Kwa nini?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza habari za marehemu.

"Mimi najua? Wanasema moshi umezidi. Na wanasema umeme unasukuma hapo hapo, injini inakuja kumalizia." Aneth alichukua nyanya tatu kwenye kikapu chake, akaziweka kwenye magunzi, mbili mbele na moja nyuma. Kisha akaweka mche wa sabuni katikati, kwa urefu wa gari. "Na hii ndiyo betri yao. Inakaa hapa katikati. Haya, nieleze, fundi. Inakuwaje?"

Alitaka tu azungumze, mke mwema. Na Kassiani, kwa mazoea ya miaka yote, akauliza lile swali analouliza kwanza kwa kila injini, ya gari, ya pikipiki, ya mashine ya kukoboa.

"Hii inahemea wapi?"

"Sabuni?"

"Betri. Inahemea wapi? Kitu kikifanya kazi kinapata joto. Kikipata joto lazima kipozwe."

Kwenye simu, mchoro wa gari ulikuwa umekatwa kama lile papai la utotoni, na mistari ya buluu ilikuwa inazunguka betri kuonyesha njia za kuipoza. Kassiani aliikodolea macho. Mkono wake wenye tonge ulibaki hewani. Alikiona kile kidirisha cha plastiki pembeni ya kiti cha nyuma, na vumbi lililoganda juu yake, na kwa mara ya kwanza akajiuliza jambo ambalo angemwuliza mwanafunzi yeyote: vumbi lingekuwa linatoka pale, lingeganda vipi kwenye matundu? Vumbi huganda linapovutwa. Lile chujio halikuwa linapuliza kitu kwa shangazi. Lilikuwa linavuta hewa. Ilikuwa pua ya betri, na yeye, fundi anayehubiri pumzi gereji nzima, alikuwa ameiziba kwa sponji na gundi.

"Mama Faith," alisema, "nimemkaba."

Hakumaliza tonge. Aneth alimwona anakimbia barabarani na mikono yenye maharage, akapaza sauti kwamba chakula kitapoa tena.

Uani kwa Romana hapakuwa na mtu. Alibandua sponji kwa bisibisi, akiwa amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma kama anayetubu, akaitia mfukoni. Kisha akamwita Enoka, maana na nyaya za chungwa hakutaka mchezo. Enoka alivaa glovu za mpira, akachomoa plagi ya usalama, wakasubiri, wakafungua. Ndani kulikuwa na feni ndogo kama kisosi, ndiyo ile ya mluzi, nayo imefungana kwa vumbi na makombo ya dagaa iliyoyanyonya kwenye magunia ya nyuma baada ya kukosa pua, mpaka haikuonekana kama feni. Waliisafisha yote kwa brashi ya rangi na pampu ya upepo. Enoka akafuta kumbukumbu za hitilafu za gari kwa mashine yake, wakawasha.

Kimya. Taa nyekundu haikuwaka. Walilipeleka hadi nje ya mji na kulirudisha, na Enoka akitazama joto la betri kwenye mashine yake, alianza kuguna, kisha kucheka, kisha akampiga Kassiani kofi la mgongoni.

"Feni, kaka! Ilikuwa feni kuchafuka tu! Betri imechoka kidogo, lakini iko hai. Umefufua mfu wewe!"

Kassiani aliitikia kwa kichwa. Sponji ilikuwa mfukoni mwake, inamchoma kama kaa la moto.

Habari hukimbia Mpanda kuliko Lamborghini. Kabla jua halijazama mnunuzi wa Tabora alikwishapigiwa simu asije, mafundi wa gereji ya tatu wamekuja kupeana mikono, na akina mama wa jumuiya wamemtangaza Kassiani kama mtume. Angeweza kunyamaza. Hakuna mashine ya kupimia inayosoma mfuko wa suruali. Alifikiria hivyo njia nzima akienda kuitikia wito wa Romana kesho yake asubuhi, na alifikiria pia ule usemi kwamba fadhila ya punda ni mashuzi. Mama alimlisha, akamlaza, akampa spana. Na yeye akamrudishia gari lililokabwa.

Romana alimpokea kwa vigelegele, akampakatisha jogoo mwekundu aliyefungwa miguu.

"Huyu wako, mwanangu. Na Jumapili nitasimama kanisani niseme."

"Shangazi, usiseme." Jogoo alikuwa anapiga mbawa, na Kassiani alihangaika naye kwa mkono mmoja huku mwingine ukitafuta mfukoni. Akatoa sponji. "Ni mimi. Feni ilichafuka, ndiyo, lakini kilichoikaba betri ni hii. Betri ina pua pale ulipokuwa unakaa, mimi nikaiziba. Nilidhani ndiko vumbi linakotokea kuja kwako. Kule mlimani, kukohoa kule, ni mimi."

Romana aliichukua sponji, akaigeuza, akainusa. Ilinuka dagaa. Kassiani akaanza kutafuta mahali pa kumweka jogoo.

"Uliziba ili mimi nisikohoe," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Shangazi."

"Na kweli sikukohoa."

"Hizo ni sponji zile nyingine. Hii ilikuwa ya bure. Hii ilikuwa ujinga wangu tu."

"Kassiani." Alimtazama vizuri, kama anayetafuta ndani ya lile zee lenye mvi yule kijana wa mfuko mmoja. "Nilikupokea hujui spana na kijiko. Uliniunguzia jiko la mafuta. Ulifungua redio yangu uone anakokaa mtangazaji, haikusema tena mpaka leo. Sikukufukuza. Sasa nikufukuze kwa kipande cha godoro?"

Machozi yalimtoka Kassiani, hadharani, mchana kweupe, mtu mzima na jogoo mkononi, na hakujali nani anapita. Alimshukuru. Aliyasema yote ambayo kwa miaka hiyo alikuwa anayasema kwa kuziba matundu na kubadilisha oili: mkeka ule, ugali ule, kelele zile kwa fundi mkongwe. Alisema bila Romana asingekuwa mtu.

"Haya, basi," alisema Romana, naye akijipangusa kwa ncha ya kitenge. "Ila jogoo nirudishie tumchinje tumle wote. Fundi wa namna hii hastahili jogoo mzima."

Waliitengenezea betri pua mpya. Romana alikata chandarua cha zamani, akakikunja mara kadhaa, akakishona kwa mkono kama kofia ya mtoto. Kassiani akakivalisha kile kidirisha, na kila wakirudi Ikola kinavuliwa, kinafuliwa, kinaanikwa kwenye kamba pamoja na sare za jumuiya. Siku hizi hakuna gari la hybrid linalozibwa vumbi Mpanda kabla Kassiani hajaitwa kuonyesha pua iko wapi. Kwenye ukuta wake ameongeza picha ya ile V12 yenye mota tatu. Haikubandikwa juu kabisa, lakini imebandikwa.

Safari ya kwanza baada ya hayo walitoka Ikola alfajiri, magunia yamefungwa, ziwa limetulia. Kassiani alibonyeza kitufe na gari likaanza kwenda kwa umeme, polepole, kupitia katikati ya vichanja vya dagaa, na kama kawaida masikio yake yakaenda mbele kutafuta injini. Injini ilikuwa imezima. Hapakuwa na kitu cha kusikiliza. Ndipo, kwa kuwa masikio ya fundi hayajui kukaa bure, yakarudi nyuma, na yakasikia sauti ambayo kwa miaka yote ya kuendesha hayajawahi kuisikia: Romana, amelala, anapumua. Hewa inaingia, hewa inatoka, laini, bila mkwaruzo, bila kukatika.

Alisikiliza kama anavyosikiliza injini, akitafuta kasoro, na hakuipata. Mke mwenza wa Aneth, kwa ngurumo zake zote, asingemruhusu kuisikia sauti ile hata mara moja.

Mbele mlima ulikuwa unaanza, na huko injini ingelazimika kuamka. Kassiani alipunguza mguu kwenye mafuta, gari likatambaa taratibu kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, na hakuwa na haraka ya kufika.